Mikwaju Minane ya Shimo la Kumi na Nne

Mwanangu Tusekile,

Salamu sikupi, maana uko chumba cha pili na sasa hivi nimekusikia ukipiga chafya. Mambo ya mafuta ya gari, ya kufunga mlango, ya kutokula vyakula vya kununua kila siku, nayo nayaacha. Una miaka ishirini na mbili. Kama mpaka leo hujui kupika wali, barua haitakusaidia.

Nakuandikia kwa sababu wiki tatu sasa tunaishi nyumba moja kama wapangaji. Asubuhi unanipa shikamoo yako, kamili, umepinda goti kidogo kama nilivyokufundisha, halafu unachukua funguo unaondoka. Hujanikosea hata neno moja. Afadhali ungenikosea. Kesho saa moja asubuhi unashika barabara ya Houston, na ukifika Stafford, pale pembeni mwa Houston, utaanza kazi ya kuwafundisha gofu watu ambao hawajawahi kushika fimbo maishani mwao. Ukiondoka na hiyo shikamoo tu, najua itakavyokuwa. Utanipigia simu kila Jumapili, utaniuliza habari za afya, nitakujibu nzuri, na tutaendelea hivyo hivyo mpaka mmoja wetu azikwe. Hilo linanitisha kuliko safari yenyewe. Nimekaa mezani hapa tangu saa kumi, jua la Lewisville bado linachoma dirishani, na chai nimeipasha moto mara mbili bila kuinywa.

Siku ile uliniuliza mbele ya watu kama niliona. Nilikujibu sikuona. Niliona, Tuse. Niliona kila kitu.

Nitaeleza yote, hata yale unayoyajua, kwa sababu nataka yaandikwe na mkono wangu mwenyewe, usije ukaambiwa baadaye kwamba mama yako alikuwa mbali.

Lazima nianzie kwa Mzee Mbwambo. Wewe unamwita Babu tangu ulipojua kusema, ingawa si ndugu yetu. Yeye ni Mpare, sisi ni Wanyakyusa, na hata kwa chakula tunagombana. Lakini tulipotua Dallas, mimi na wewe wa miaka mitatu umelala begani, baba yako amefariki hata mwaka haujaisha, waliokuwa wamesimama pale uwanja wa ndege ni yeye na kofia yake ya pama, na marehemu mkewe. Walituweka kwao Mesquite miezi minane. Mimi nilikuwa nasomea uuguzi mchana na usiku nalia chooni, nimefungua maji ili watu wasinisikie. Mzee alinisikia. Hakuniuliza kitu. Jumamosi moja akaniambia, "Mama Tuse, vaa viatu vya kutembelea, twende ukapige kitu."

Alinipeleka kwenye uwanja wa mazoezi, akanipa ndoo ya mipira na fimbo moja, akakaa kwenye benchi akisoma gazeti. Mpira wa kwanza sikuugusa. Wa pili sikuugusa. Wa kumi na kitu ukatoka, ukapaa, ukaenda ukapotea juani, na nikasikia kifua changu kimefunguka. Nakuambia hili ujue kwamba mchezo huu siuchezi kwa maringo. Ulinipa pumzi wakati sina.

Wiki chache baadaye akanipeleka kwenye kiwanja chenyewe, kile cha umma ambako mpaka leo tunacheza. Nilitaka kurudi nyumbani tangu kwenye maegesho. Shimo la kwanza nilipiga mikwaju tisa na sijafika hata nusu ya njia. Nyuma yetu kulikuwa na wanaume wanne, mikono viunoni. Mmoja akapiga mpira wake makusudi, ukapita juu ya kichwa changu ukivuma kama nyuki. Mzee hakugombana nao. Aliokota mpira wangu, akautia mfukoni mwake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Tembea na mimi tu. Usipige tena mpaka karibu na shimo. Hapa ukitaka kukaa, usimsumbue mtu."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa miaka kumi na tisa, na sikuwahi kujiuliza kwa nini aliyeondolewa mpira siku ile alikuwa mimi.

Somo nililolishika ni hilo la kutomsumbua mtu. Nikawa mwanamke pekee kwenye kundi letu la Jumamosi kwa miaka sita. Nilijua wakati wa kunyamaza, wakati wa kucheka kichekesho kisichochekesha, na mahali pa kusimama kivuli changu kisimguse mtu anayepiga. Watanzania wale, Wakenya, baadaye na Wakongo, wote wakanizoea, wakanipa na cheo: Mama Tuse ndiye wa kupokea wageni. Mimi nikavimba kichwa. Mwanangu, nilivyokuwa nawapokea wageni, ni heri wangepokelewa na mbwa.

Unamkumbuka Wambui, yule muuguzi Mkenya wa wodini kwetu? Hukuwahi kuambiwa kwa nini alikuja mara moja tu. Alitoka zamu ya usiku, akaja kiwanjani moja kwa moja na nguo za kazi, macho mekundu, anacheka. "Si mniruhusu tu nijaribu, Mama Tuse? Nimetoka job direct, ningeenda nyumbani ningelala." Nikamtazama juu mpaka chini, nikamwambia shati lake halina kola, gofu ina heshima zake, aje wiki ijayo amevaa vizuri. Akasema, "Sawa, Mum," akageuza gari. Hakurudi. Baada ya mwezi nilimuuliza yule mzee wa Kizungu anayekaa kwenye dirisha la kulipia pale kiwanjani kuhusu kola. Alinishangaa. Akasema hapo mtu akija na shati, shati lolote, wao wanashukuru. Sheria ile haikuwepo, Tuse. Niliilinda mwenyewe, kwa kiherehere changu. Na Wambui tunapishana korido moja mpaka leo, ananisalimia vizuri, na sijawahi kumwambia.

Walikuja wengine. Kila mmoja nilimpa orodha: usisimame hapa, usiongee, usikanyage pale, harakisha. Wakiondoka nasema, "Huyu hakuwa na moyo wa gofu." Hata wewe nilikufanyia hivyo, ila wewe ulikuwa mtoto na hukuwa na gari la kuondokea.

Halafu ukamleta Maman Furaha.

Ulifanya naye kazi kwenye ghala kule Mesquite likizo ile, na wakati wa mapumziko ukamfundisha kuzungusha mikono kwa fagio, kati ya maboksi. Mwanamke Mkongo wa Bukavu, mtu wa miaka hamsini, watoto watano. Alikuja Jumamosi ya kwanza na kitenge kiunoni juu ya suruali, na mimi mdomo ukaniwasha, lakini ulinitazama jicho hilo la bibi yako nikameza maneno. Alipiga mpira ukaenda hatua tatu, akapiga vigelegele. Vigelegele, kiwanjani! Mzee Mbwambo akakunja uso. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani. Sijakuona ukicheka hivyo kwenye mchezo huu tangu una miaka minane, na wivu ulinishika. Nakiri.

Miezi miwili alikuja kila wiki. "Mi niko najifunza tu, mama, munivumiliye," alikuwa ananiambia, na mimi namjibu, "Tunavumilia," na wala si kweli, nilikuwa nahesabu dakika anazotuchelewesha. Yakaja mashindano yetu ya mwaka. Ukamwandikisha. Mimi nilikuambia bado, angoje mwaka mmoja. Ukaniuliza, "Mama, nani alikuambia wewe ungoje?" Nikakasirika, nikakutuma dukani.

Basi tukapangwa wanne: Mzee, wewe, mimi, na Furaha. Unajua utaratibu, kila mmoja anashika kadi ya mwenzake na kumwandikia mikwaju, na mwisho aliyeandika lazima atie saini ndiyo kadi ikubalike; mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Wewe ulishika ya Mzee. Mimi nilishika ya Furaha. Na mimi, kwa kuwa mashindano ni mashindano, nilimhesabia Furaha kwa sauti. Kila mkwaju. "Sita, Maman. Saba. Nane." Kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nilijiambia namsaidia asisahau. Mpaka shimo la kumi alikuwa amenyamaza kabisa, na wala hapigi tena vigelegele. Niliona hilo nalo.

Shimo la kumi na nne, lenye maji kushoto. Mzee alipiga wa kwanza, ukaingia majini. Huo mmoja, na adhabu ya maji, mbili. Akapiga wa tatu, mfupi. Wa nne ukaangukia mchangani, kwenye ule mtego wa mchanga. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale ukingoni, kwa sababu mpira wangu ulikuwa karibu. Akapiga, mchanga ukaruka, mpira ukabaki. Huo wa tano. Akapiga tena, ukatoka. Sita. Akausukuma kuelekea shimoni ukakosa, saba. Akausukuma tena ukaingia. Nane. Mkono wake wa kushoto unatetemeka siku hizi, sijui kama umewahi kuutazama. Alipotoka mchangani alikuwa anahema, na mimi kwa adabu nikachukua reki nikausawazisha mchanga nyuma yake. Alama zilikuwa mbili, pana, kama za jembe. Nilizifuta kwa mikono yangu.

"Niandikie sita, mwanangu," akakuambia.

"Babu, sorry, mimi nina nane."

"Nane ya wapi? Andika sita, tunachelewesha watu."

Ulifikiri amesahau. Nilikuona unavyomtetea moyoni mwako. Ukamkumbusha taratibu, maji, adhabu, mchanga mara mbili, ukinyoosha kidole kuelekea mchangani ambako hapakuwa na alama tena. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Ndipo ukanigeukia.

"Mama, ulikuwa hapo. Please, sema."

Nilikuwa na reki mkononi. Nikasema, "Sikuona. Nilikuwa natafuta mpira wangu."

Mpira wangu ulikuwa mbele ya mguu wangu, Tuse. Wewe uliuona. Ulitazama mpira, ukatazama reki, ukanitazama mimi. Ungesema kitu ningeweza kukukaripia.

Baada ya hapo Furaha akapiga shimo hilo hilo, na mimi, Mungu anisamehe, nikaendelea kumhesabia. Akafika kumi na moja. Nikaandika kumi na moja, kwa mwandiko mzuri. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Kumbe hapa hesabu ziko mbili." Akachukua fimbo zake akatembea nyuma yetu mpaka mwisho bila kupiga mpira mwingine. Pale mwisho alikukumbatia wewe, akaenda zake.

Yaliyotokea barazani pale kiwanjani, tulipomaliza kucheza, ndiyo yananikosesha usingizi. Watu kama thelathini, sahani za pilau zimeshapangwa, na wewe umeshika kadi ya Mzee unasema hutii saini. Hukupaza sauti. Ulisema tu, "Siwezi, Babu, si kweli." Mzee akaiweka sahani yake chini, akasema mbele ya wote kwamba mtoto aliyempokea begani leo anamwita mwizi. Watu wakanitazama mimi. Siyo Mzee, siyo wewe. Mimi, mama, nimelea nini.

Na mimi nikakuambia, "Piga magoti umwombe Babu yako msamaha."

Nilidhani utakataa. Nadhani nilitaka ukatae. Ukavua kofia, ukapiga magoti kwenye saruji, mwanamke mzima, ukasema, "Babu, naomba msamaha kama nimekuvunjia heshima." Lakini ulipoinuka kalamu hukuigusa. Ukaenda kukaa kwenye gari, kwenye joto lile. Nikachukua kalamu nikaandika jina lako kwa mkono wangu, haraka, kama mtu anayeiba. Kikombe kikaenda kwa Mzee kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Yule kijana wa Kikenya wa Fort Worth, aliyekuwa wa pili, alimpongeza kwa mikono miwili. Nikala pilau. Nikaomba na la kuongeza.

Wiki ya kwanza nilijitetea. Nilijiambia heshima ni kitu cha bure, mzee ni mzee, mikwaju miwili haimuui mtu, funika kombe mwanaharamu apite. Nilijiambia ninyi mliokulia Marekani mnapenda kuwa sahihi kuliko kuwa na watu. Hoja nzuri zote. Tatizo lake ni kwamba kila nikimaliza kujitetea naisikia sauti yangu ikimhesabia Furaha. Saba, Maman. Nane. Kwa yule hesabu nilikuwa nayo, tena safi. Angekuwa Furaha amenipunguzia mkwaju mmoja ningemwanika.

Sasa unakwenda Stafford, na watakuja kwako watu kama Furaha, kama Wambui, kama mimi wa siku ile maegeshoni. Kazi yako unaijua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyegundua kwamba mtu mpya aanzie karibu na shimo, asukume mpira uingie aisikie ile sauti, kabla hajateswa na fimbo ndefu. Wewe ndiye uliyekuwa unawaambia mapema, kabla hawajakosea, kwamba watu wa nyuma wakikaribia tunawapisha na si aibu. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninachokijua ni kitu kimoja kibaya, nimekijua kwa kukifanya. Mtu aliyeingia kwa shida anaweza kuipenda ile shida. Anaiweka mlangoni ili na wengine waikanyage, maana wasipoikanyaga itaonekana yeye aliteseka bure. Siku ukijisikia unamkasirikia mgeni kwa sababu anacheka mapema mno, kaa chini unywe maji. Nimekuwa mtu huyo, na nilikuwa naamini nawasaidia.

Na wakati wa kujifunza usiwahesabie kabisa, hata mwaka mzima. Ila siku mtakayoanza kuhesabu, iwe hesabu moja.

Nimefika kwenye la juzi, ambalo hulijui.

Alhamisi nilitoka kazini nikaenda Mesquite kwa Mzee. Nilibeba chapati, maana huendi kwa mtu mikono mitupu hata kama unakwenda kumkosesha raha. Kikombe kiko juu ya televisheni. Alikuwa peke yake, anatazama mpira, na nyumba ile tangu mkewe aondoke inanuka dawa ya kuchua. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza habari zako. Nikasema, "Anaondoka Jumapili. Mzee, nimekuja kwa ajili ya shimo la kumi na nne."

"Lina nini?"

"Ulipiga nane."

Akapunguza sauti ya televisheni, taratibu, mpaka ikaisha. Akasema, "Mama Tuse. Mimi nilikutoa uwanja wa ndege huna hata koti. Leo umekuja kunihesabia?"

"Ndiyo, Mzee."

Akakitazama kikombe chake. Kisha akasema, "Haya. Tuseme saba."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kibaya zaidi, nilitaka kukubali. Saba ilikuwa nzuri. Ningetoka pale na Mzee wangu, na Jumamosi zangu, na wewe ningekuambia nimekwenda kusema. Nilimtazama ule mkono wake kwenye kiti, unatetemeka, na nikajua anaogopa kitu ambacho hakihusiani na kikombe. Anaogopa kwamba mwakani hataweza kuuvusha mpira juu ya maji. Ningemwambia ukweli siku ile ile, kwa sauti ya chini, mimi na yeye, labda angenicheka, angeandika nane, na tungekula pilau bila deni la maneno. Nilimwacha peke yake na uongo wake nikauita heshima. Hilo nalo nina hatia nalo.

"Nane, Mzee," nikasema. "Na nitawaambia wenzetu. Nimeanza kwako ili usisikie kwa watu."

"Basi Jumamosi usije."

Nikainuka. Unajua Mzee anavyosindikiza mgeni, mpaka mlango wa gari, mpaka kona ya barabara. Alhamisi hakuinuka. Nilifungua mlango mwenyewe nikaufunga mwenyewe, na nililia kuanzia Mesquite mpaka nyumbani, na foleni ile ya Dallas ilinipa muda wa kutosha.

Ndiyo maana leo Jumamosi umeniona niko nyumbani nimevaa kanga. Uliniangalia asubuhi, ukataka kuuliza, ukajizuia. Miaka kumi na tisa sijakosa Jumamosi isipokuwa kwa mvua au msiba. Saa mbili walikuwa wanaanza, nikawa nafagia jiko lililokwisha kufagiliwa. Sijui kama watanirudisha. Wengine watasema nimemdhalilisha mzee aliyenilea. Wengine watasema nilingoja mpaka mtoto wangu anaondoka. Jambo hili linaniuma kwelikweli. Watu wale ndio ukoo nilio nao huku.

Jana nilimtafuta Furaha kwa simu. Niliomba radhi vibaya, nikikatakata maneno. Akanisikiliza, akasema, "Aksanti, mama, nimesikia," na hakusema atarudi. Nilimpa namba yako mpya ya kazini, akasema anayo tayari, ulimpa siku ile ile. Kumbe ulishafanya.

Imebaki wewe. Mwanzo nilipanga nikuombe msamaha hapa jikoni, usiku, wewe na mimi, uninyamazie kidogo halafu tule. Nikaona hapana. Nilikuaibisha mbele ya watu thelathini, siwezi kuja kukusafisha jikoni. Watu walioona magoti yako lazima wasikie kwa nini hayakustahili kuwa chini. Wewe hukuniomba hili, na huenda utachukia kusemwa tena. Nimefikiria hilo pia. Lakini jina lako liko kwenye kadi ile kwa mwandiko wangu, na sitaki uvuke kwenda Houston watu wakidhani hatimaye ulitia saini.

Kwa hiyo nimerekodi ujumbe wa sauti kwa ajili ya kundi letu la simu. Nimerudia mara nne, mara tatu sauti ilikatika. Nauandika na hapa, uwe nao kwa maandishi:

"Ndugu zangu, ni mimi Mama Tuse. Siku ya mashindano, shimo la kumi na nne, Mzee wetu alipiga mikwaju minane. Nilikuwa nimesimama pale, niliiona yote minane, nikasema sikuona. Saini kwenye kadi niliiandika mimi. Tusekile alikataa, na alikuwa sahihi. Maman Furaha naye nilimhesabia kila mkwaju, na kwa mkubwa wetu nikajifanya kipofu. Mzee nimemwambia kwanza, na bado namheshimu. Nilimpigisha mwanangu magoti mbele yenu kwa kosa ambalo ni langu. Tuse, naomba unisamehe, na naomba hapa hapa, mbele yao."

Ngoja nibonyeze kabla sijapata akili nyingine.

Nimebonyeza.

Mtu mmoja ameshausikiliza. Watatu. Tisa. Hakuna anayeandika kitu. Sasa simu inaita, ni Mzee. Imekatika. Inaita tena, nami siipokei, kwa sababu upande wa pili wa ukuta nasikia mtu anasema "Ndugu zangu, ni mimi Mama Tuse," na mtu huyo ni mimi. Imefika mwisho. Umeirudia kutoka mwanzo.

Mlango wako umefunguka, mwanangu, na sijui uso wangu niuweke wapi.